Ghala la Marehemu Nahodha: Uchambuzi wa Kisa cha Vifaa vya Chombo Vilivyotafutiwa Wenyewe Wapya

Kabla ya kisa

Kisa hiki kilitokea katika mji mdogo wa uvuvi kwenye pwani ya kaskazini ya Tanzania. Majina ya watu na ya mtaa nimeyaacha, umri wa wahusika nimeusogeza kidogo, na fedha nimezibadilisha zote kwa uwiano mmoja ili hesabu ya mirathi isiharibike. Familia imeridhia kiandikwe. Mimi nilikuwa karani wa diko, yaani pale vyombo vya uvuvi vinaposhushia samaki, kwa miaka mingi, na mpaka leo watu hunijia niwaandikie hati za mauziano ya vyombo na mashine. Ndivyo nilivyoingia humo, na mojawapo ya makosa yaliyofanyika ni langu.

Nyumba na ghala

Marehemu alianza ubaharia kwenye majahazi ya kubeba boriti za mikoko, akaja kumiliki mashua, na uzeeni akawa na boti ya faiba yenye mashine. Alipougua aliiuza boti. Vifaa hakuviuza. Vilikaa kwenye banda la bati nyuma ya nyumba, na kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba atavihitaji.

Alifariki mwezi wa Mei, kusi (upepo wa kusini) imeshika. Aliacha mke, wana wawili wa kiume, mmoja yuko Dar es Salaam na mwingine Muscat, na mabinti wawili: mkubwa ameolewa mtaa wa pili, mdogo alikuwa na miaka 15. Wazazi wake marehemu walishatangulia. Mjane alitaka banda libomolewe, pajengwe chumba cha kupangisha.

Siku niliyoitwa kuandika orodha nilihesabu vitu 61. Sitavitaja vyote. Vikubwa vilikuwa mashine ya Yamaha Enduro ya nguvu ya farasi 40, ile ya silinda mbili inayojulikana katika kila diko la pwani hii, tanga la mashua pamoja na mlingoti na foromali yake (mti wa kufungia tanga), tanga kuukuu la jahazi, nanga tatu za mikono minne na baura moja (nayo ni aina ya nanga), kamba, roda na gofia (kapi za kupitishia kamba) ya mti mgumu, dira ya shaba na taa, boksi mbili za barafu, jarife moja (wavu wa kutega), na laifujaketi 14. Nyuma kabisa, chini ya magunia, kulikuwa na juya, wavu wa kukokota.

Ilivyokwenda

Wa kwanza kufika alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja wiki ya pili baada ya msiba (watu hawa wana pua), akatazama kutoka mlangoni, akasema 210,000 kwa kila chenye chuma, mashine ikiwemo. Mashine aliihesabu kama aluminiamu ya kuyeyusha. Mjane alikuwa kwenye eda na hakutaka biashara yoyote nyumbani kwake mpaka miezi minne na siku kumi itimie. Kwa hiyo yule bwana alirudishwa. Binti mkubwa aliniambia baadaye kwamba, lau si eda, wangemuuzia siku ile ile, maana hakuna aliyejua thamani ya kitu chochote mle ndani.

Eda ikatuokoa, lakini ikatugharimu pia. Mashine ilikuwa imesimama karibu miaka miwili bila kusuuzwa. Mashine iliyotembea baharini hutakiwa kuzungushwa kwa maji baridi, chumvi itoke kwenye njia za kupozea. Siku ile ile ya orodha ningeweza kumwita fundi aisuuze na kuitia oili kwenye silinda. Ni kazi ya asubuhi moja, wala si kuuza wala kugawa. Sikufikiri. Ikakaa miezi mingine minne.

Septemba, eda ilipokwisha, watoto walizungumza kwa simu wote pamoja. Wa Muscat alisema vitu vyote vitolewe sadaka, thawabu zimwendee baba. Wa Dar es Salaam alisema viuzwe. Binti mkubwa akauliza swali moja tu: madeni je? Wakaenda kwa shehe wa msikiti wao, na majibu yake ndiyo yaliyokipa kisa hiki umbo. Mali ya maiti hutoka kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia kama upo, nao usizidi theluthi. Ndipo warithi wagawane. Maziko yalikwishalipwa, wasia haukuwapo. Na fungu la mrithi ambaye hajabaleghe au hajafikia kujisimamia mali yake, hakuna kaka wala mama mwenye ruhusa ya kulitoa sadaka. Binti wa miaka 15 ana sehemu yake ndani ya kila kamba na kila nanga.

Tukamwita fundi mashine na nahodha mmoja mzee wathaminishe. Wakafikia 3,675,000. Mashine peke yake waliipa 2,000,000, baada ya fundi kupima mgandamizo wa silinda na kukuta zote mbili zimekaribiana. Alisema wazi kwamba impela ya pampu ya maji imekauka, na alipofungua skrubu ya gia oili ikatoka nyeupe kama tui, dalili kwamba sili imechoka na maji yameingia. Ni mashine nzima yenye matengenezo. Jaketi na juya havikupewa bei.

Madeni ya marehemu yalikuwa 315,000: 220,000 kwa fundi huyo huyo na 95,000 dukani. Zikabaki 3,360,000. Mjane mwenye watoto hupata thumni, moja ya nane, yaani 420,000. Saba juu ya nane zilizobaki hugawanywa mafungu sita, mwanamume mawili, mwanamke moja. Kila binti 490,000, kila mwana wa kiume 980,000.

Hapo njia ikaonekana. Mjane alihitaji fedha zake za chumba. Binti mdogo lazima apate zake taslimu, ziwekwe benki. Ukijumlisha na madeni ni 1,225,000. Tukizipata hizo, hao wakubwa watatu wako huru na mafungu yao, wayatoe wanakotaka.

Jaketi

Jaketi ndizo zilizonipa kazi kubwa kuliko mashine, na watu wengi huzipita tu.

Kwa macho, 14 zote zilikuwa sawa: rangi ya machungwa, mikanda ipo. Tano zilikuwa za zamani, zimejazwa sufi, hii hii ya msufi inayojazwa kwenye mito ya kulalia. Sufi huelea vizuri mno ikiwa kavu na mfuko wake hauna tundu. Mfuko ukitoboka, inanyonya maji taratibu. Tisa zilikuwa za sponji ya siku hizi, ambayo haitakiwi kunyonya, ila hukaliwa, hubanwa, hukaangwa na jua mpaka inakuwa ngumu na nyembamba.

Kipimo cha kimataifa cha jaketi za meli kinataka jaketi ikizamishwa saa 24 kwenye maji baridi isipoteze zaidi ya asilimia 5 ya uwezo wake wa kuelea. Hatuna maabara. Tulikuwa na pipa, kisima, na mawe ya mizani ya chuma tuliyoazima kwa muuza nyama. Jaketi ya mtu mzima ya kiwango cha nyutoni 100 inapaswa kubeba karibu kilo 10 ndani ya maji, na chuma hupungua uzito kama moja ya nane kikizama, kwa hiyo tulifunga kilo 11 za mawe kwa kila moja. Tukazizamisha kwa lazima, tukaziacha usiku na mchana, tukapima tena.

Za sufi zote tano zilishindwa. Mbili kati ya hizo kufika magharibi zilikuwa chini ya pipa hata bila jiwe. Za sponji, sita zilipita na tatu zilishindwa.

Kesho yake akaja nahodha mmoja wa boti ya abiria akiomba zile nane zilizoshindwa. Hakuficha: alitaka idadi itimie siku ya ukaguzi. Akaongeza kwamba tutakuwa tumemsaidia na vitu vyenyewe ni vya kutupwa. Mjane ndiye aliyemjibu, si mimi. Alimwambia, "Mwanangu, hizo ni mito." Akaleta kisu. Zote nane zilikatwa mbele yake, mikanda ikahifadhiwa, na sufi iliyokuwa bado nzuri ikajazwa kwenye mito kweli.

Mtu anayesoma hapa kwa ajili ya ghala lake mwenyewe, naomba akae kidogo na jambo hili. Kamba mbovu inajionyesha. Jaketi mbovu inaning'inia vizuri ukutani, na inamdanganya mtu siku moja tu. Fataki za dharura zilizokwisha muda nazo ni hivyo hivyo. Kwenye ghala hili hazikuwapo, nashukuru, maana hizo hata kukata hazikatwi.

Sita zilizopita zikatengenezwa kwa ile mikanda na kupewa kikundi cha akina mama wakulima wa mwani, ambao huvuka mlango wa kijito kwa ngalawa wakati bamvua, yale maji makubwa, linaporudi.

Juya

Juya la kukokota ni haramu katika sheria za uvuvi za Tanzania, kwa sababu linakomba nyasi za baharini na watoto wa samaki pamoja. Marehemu alilinunua enzi zake na, kwa maneno ya mjane, alilificha kwa aibu badala ya kulitupa.

Kuna mtu alikuja usiku akatoa 300,000 taslimu. Tafakari: nanga zote nne zilithaminiwa 400,000. Mwana wa Dar es Salaam, kwa simu, alisema auziwe, "atalipata kwingine hata tusipomuuzia." Hoja hiyo nimeisikia dikoni maisha yangu yote. Nilimwambia tu kwamba sitaandika hati, na kwamba mwenye kukutwa nalo njiani atataja nyumba lilikotoka. Nadhani sentensi ya pili ndiyo iliyomgusa.

Tulimwarifu kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, akaja kushuhudia likikatwa. Vipande viwili vikubwa ni nyavu za magoli ya shule ya msingi. Vingine vimezungushiwa bustani za mchicha, kuku wasiingie. Maboya na kamba zake zilikwenda kwenye mwani.

Mauzo, tanga na mashine

Tulianza kuuza Oktoba, jambo ambalo lilitufaa bila sisi kupanga. Huo ndio wakati watu wanapandisha vyombo, wanakalafati (kuziba nyufa za mbao) na kupaka deheni (mafuta ya kulinda mbao) wakingoja kaskazi, upepo wa kaskazini, na kila mtu anatafuta roda au nanga. Kama tungeuza katikati ya kusi, tungebembeleza.

Nanga na baura zilikwenda kwa mama mmoja mwenye vyombo viwili, 380,000. Kamba, roda na gofia 170,000 kwa watu mbalimbali. Jarife 250,000 kwa mvuvi mwenye leseni. Boksi 80,000. Dira na taa hazikuuzwa: binti mkubwa alizichukua kwa thamani ya 225,000 ndani ya fungu lake.

Likabaki tanga. Tanga la mashua lilikuwa la pamba nzito, limeshonwa kwa mkono, dasi zake (kamba za pindoni) nzima. Wazee waliokuja kulitazama waliliita la marekani, jina lililobaki tangu karne ya 19 meli za Kimarekani zilipokuwa zikileta kitambaa cha pamba Unguja, ingawa lile lilinunuliwa Tanga mjini. Pamoja na mlingoti na foromali lilithaminiwa 500,000. Mteja wa kweli alikuwa mmoja, kijana fundi wa ngalawa aliyekuwa akijijengea yake ya mwembe. Alikuwa na 300,000. Kwenye daftari langu nilibakiza pengo la 345,000 hasa, nikamsukuma mpaka hapo, kwa awamu tatu. Kwa hiyo zile 1,225,000 hazikutimia kwa bahati. Nilizitimiza kwa kumbana mtu aliyekuwa na kidogo kuliko wateja wote. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Na mashine. Mafungu ya wana wawili na salio la binti mkubwa, ukiondoa hasara ya bei tulizoshusha, yalikuwa sawa na 2,000,000 za mashine. Wakakubaliana iwe sadaka. Mwana wa Muscat alitaka iende kwa kikundi cha vijana wavuvi 12 kilichosajiliwa pale dikoni, wenye boti ya faiba isiyo na mashine. Niliunga mkono. Nikaandika hati yenye namba ya mashine, ikagongwa muhuri wa serikali ya mtaa, watu wakapiga picha, dua ikasomwa. Matengenezo ya impela na sili waliahidi kuyafanya wenyewe.

Baada ya mwaka

Kijana wa ngalawa alilipa awamu zote tatu, ya mwisho ikachelewa wiki mbili. Hakugusa upande wa tanga unaofungwa kwenye foromali. Alipunguza chini na upande wa demani (kamba ya kuvutia tanga), akashona dasi upya. Kila alipoleta fedha alikaa barazani na mjane, akamuuliza mumewe alikuwa akifunga vipi foromali upepo ukizidi. Siku nyingine alileta na changu. Tanga kuukuu la jahazi alipewa bure, anakata viraka.

Jaketi nne kati ya sita zinavaliwa. Mbili zimetundikwa nyumbani kwa mtunza hazina wa kikundi, zisiharibike.

Mashine ilifanya kazi miezi mitano. Impela ilibadilishwa. Sili haikubadilishwa, kwa kuwa kila mmoja wa wale 12 alingoja mwenzake atoe fedha. Walitembea na gia yenye maji mpaka ikanyofoka meno. Ikapelekwa kwa fundi wa kwanza, ikahamishiwa kwa wa pili kwa kuwa wa kwanza anadai, ikarudi. Sasa iko uani kwa fundi yule yule aliyekuwa akimdai marehemu. Rafadha (propela) imeuzwa kwa boti nyingine, kabureta pia. Nilipomuuliza, alisema, "Nahodha wengi, chombo huenda mrama," akaendelea na kazi yake.

Uchambuzi

Watu wengi wakisikia kisa hiki wanasema kosa ni kutoa bure: kisicholipiwa hakitunzwi. Siamini kwamba ni hivyo tu. Akina mama wa mwani hawakulipa hata senti na jaketi zinavaliwa. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba kila kitu kilichofanikiwa kilikuwa na mtu mmoja wa kuulizwa. Baura ina mwenyewe. Tanga lina mwenyewe. Jaketi kila moja ina mwanamke anayeivaa, na zile mbili zisizovaliwa ndizo zilizobaki "za kikundi". Mashine ilipewa jina la watu 12 kwenye hati niliyoiandika mimi, na hati ile haikusema nani ananunua oili, nani anashika ufunguo, wala fedha ya safari ya kwanza inakwenda wapi. Nilijivunia namba ya mashine na muhuri. Vile vinamlinda mtoaji asije kuambiwa ameuza mali ya wizi. Mashine yenyewe havikuilinda na kitu.

Pia tuliitoa na ugonjwa wake. Sili na impela ni gharama ndogo ukilinganisha na thamani ya mashine. Tungeweza kushusha bei ya sadaka, yaani kumwomba mwana mmoja atoe fedha ya matengenezo kabla ya siku ya dua. Hakuna aliyelifikiria kwa sababu sadaka ya mashine inaonekana na sadaka ya sili haionekani.

Utaratibu wa mirathi, ambao mwanzoni wote tuliuona kama kikwazo, ulifanya kazi ambayo hakuna mtu angeifanya. Ulitulazimisha kuthaminisha kila kitu, na kuthaminisha ndiko kulikofichua kwamba bei ya mnunuzi wa vyuma chakavu ilikuwa pungufu mara nyingi. Bila binti wa miaka 15, mali ingetoka yote kwa siku moja, ama kwenye lori la chuma ama kwenye sadaka ya haraka.

Kuhusu kasi, tulikosea mpangilio. Nanga ingengoja miaka kumi. Mashine, tanga lenye ukungu na sponji za jaketi zilikuwa zikiharibika kila wiki, nasi tukavifungia pamoja kana kwamba vyote ni chuma. Kusuuza, kuanika na kugeuza si biashara. Vingefanyika hata ndani ya eda, kwa ruhusa ya mjane, bila mtu kutaja bei.

Jaketi na juya navihesabu kuwa sehemu iliyokwenda vizuri kuliko zote, na ndizo ambazo familia haikupata shilingi. Hapo hatukumtafutia kitu mwenyewe mpya, tulihakikisha hakimpati.

Mwaka jana mwana wa Muscat alikuja likizo. Nilimweleza haya yote, nikamwambia kwamba leo ningemshauri auze mashine kwa mtu mmoja, kwa bei nafuu, kisha fedha ndiyo iwe sadaka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema yeye hakutaka kutoa fedha. Alitaka asubuhi baharini isikike mashine ya baba yake. Sikuwa na jibu la kumpa. Tulikwenda kwa fundi, akaing'oa ile sahani ndogo yenye namba, akaitia mfukoni.